Jinsi ya kusoma miundo ya ndani ya kerneli ya Linux unapofuatilia skedula

Huduma ya malipo inayoendeshwa kwenye seva yenye prosesa nne ikianza kuchelewa kila ifikapo saa mbili usiku, wakati wakazi wengi wa Nairobi wamefika nyumbani na wananunua tokeni za umeme kwa simu, mhandisi anayeitunza hukabiliwa na swali linalotangulia mengine yote: je, programu ilikuwa ikitekelezwa na kazi yenyewe ni nzito, au ilikuwa tayari kutekelezwa lakini imekwama kwenye foleni ikisubiri prosesa? Amri ya top haiwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa huonyesha wastani wa sekunde kadhaa, na subira ya milisekunde 40 humezwa na wastani huo isionekane. Jibu limo ndani ya skedula, yaani sehemu ya kerneli inayoamua kazi ipi ipewe prosesa, katika miundo ya data inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifikia miundo hiyo kwenye Linux bila kuibadilisha kerneli, bila kuiangusha seva, na bila kuandika msimbo utakaotoa namba za uongo kerneli itakaposasishwa. Hatari hiyo ya mwisho ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu programu inayoanguka hujulikana papo hapo, ilhali programu inayosoma baiti zisizo zake huendelea kuchora grafu za kupendeza ambazo hazina ukweli. Ninachukulia kwamba msomaji anaifahamu lugha ya C, ana akaunti ya root kwenye seva ya majaribio, na anatumia Ubuntu au mfumo unaofanana nayo.

Miundo inayohusika

Kila kazi inayoweza kupewa prosesa huwakilishwa na muundo uitwao task_struct, uliotangazwa katika faili ya include/linux/sched.h. Ndani yake mna pid, ambayo kwa kerneli ni namba ya uzi mmoja mmoja wala si ya programu nzima. Mna tgid, ambayo ndiyo namba ya programu. Mna comm, yaani jina lisilozidi baiti 16. Na mna se, ambayo ni muundo wa sched_entity unaobeba vruntime (muda wa prosesa ambao kazi imekwisha kutumia, ukipimwa kwa uzito wa kipaumbele chake), sum_exec_runtime (jumla ya muda halisi wa kutekelezwa) na wastani wa mzigo. Kwa upande wa pili, kila prosesa ina foleni yake, iliyoelezwa na muundo wa rq katika faili ya kernel/sched/sched.h, na foleni zote hizo hupatikana kupitia kigeugeu kimoja cha kila prosesa kinachoitwa runqueues.

Tofauti ya mahali pa faili hizo mbili si jambo dogo. Ya kwanza inasomwa na sehemu zote za kerneli, ilhali ya pili ni mali ya skedula peke yake, na moduli ya nje haikukusudiwa kuijua. Watunzaji wa Linux huahidi kutoziharibu programu za watumiaji, lakini hawaahidi lolote kuhusu sura ya miundo ya ndani. Uga wa state katika task_struct uligeuka kuwa __state katika toleo la 5.14. Ofisi moja ya Westlands inaweza kuwa na seva ya Ubuntu 22.04 inayotumia kerneli ya 5.15 kando ya seva ya Ubuntu 24.04 inayotumia 6.8, na katikati ya matoleo hayo mawili kanuni yenyewe ya kuchagua kazi ilibadilika, kwa kuwa EEVDF iliingia katika toleo la 6.6 la mwaka wa 2023 na kuchukua nafasi ya kanuni ya CFS iliyokuwapo tangu toleo la 2.6.23 la mwaka wa 2007.

Anza na yaliyo wazi

Kabla ya kuingia ndani, soma kile ambacho kerneli tayari inakitoa. Faili ya schedstat ya kila kazi ina namba tatu: nanosekunde ambazo kazi imetekelezwa, nanosekunde ambazo imesubiri kwenye foleni, na idadi ya mara ilizopewa prosesa.

```
cat /proc/PID/task/*/schedstat
```

Usisome /proc/PID/schedstat peke yake, kwa sababu faili hiyo huonyesha uzi mkuu tu, na huduma iliyoandikwa kwa Java au Go huwa na nyuzi nyingi ambazo ndizo hasa zinazohudumia wateja. Soma mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi, kisha uzitoe namba za awali kutoka kwa zile za baadaye. Ikiwa namba ya pili, yaani ya subira, haikuongezeka kwa kiasi cha maana, basi kazi haikusubiri prosesa, na tatizo litafutwe kwenye hifadhidata au kwenye mtandao. Hakuna haja ya kuendelea na mwongozo huu. Faili ya /sys/kernel/debug/sched/debug, ambayo kabla ya toleo la 5.13 ilikuwa /proc/sched_debug, huonyesha foleni zote kwa wakati mmoja, nayo amri ya perf sched timehist huonyesha subira ya kila kazi kutokana na rekodi iliyochukuliwa kwa perf sched record.

Vituo vya ufuatiliaji

Ikiwa subira ipo, hatua inayofuata ni kujua ilitokea lini na katika hali gani. Skedula ina vituo vya ufuatiliaji vilivyowekwa ndani ya msimbo wake, na vitatu ndivyo vinavyohitajika zaidi: sched_wakeup, kinachotukia kazi inapoamshwa na kuwekwa kwenye foleni, sched_switch, kinachotukia prosesa inapoacha kazi moja na kushika nyingine, na sched_migrate_task, kinachotukia kazi inapohamishwa kutoka prosesa moja kwenda nyingine.

```
cat /sys/kernel/tracing/events/sched/sched_switch/format
```

Amri hiyo itakuonyesha kwamba sched_switch hutoa jina, namba, kipaumbele na hali ya kazi inayoondoka, pamoja na jina, namba na kipaumbele cha kazi inayoingia. Haisemi foleni ilikuwa na kazi ngapi, wala vruntime ilikuwa kiasi gani. Watu wengi hushangaa kwa nini nyuga hizo haziongezwi, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka wa 2011, uga wa lock_depth ulipoondolewa kwenye matukio ya ufuatiliaji, programu ya PowerTOP iliharibika kwa kuwa ilikuwa imekariri mpangilio wa baiti badala ya kuusoma kwenye faili ya format, na ikabidi nafasi ya uga huo irudishwe. Tangu hapo watunzaji wa skedula wamekuwa waangalifu mno kuhusu kuweka hadharani chochote ambacho hawataweza kukiondoa. Suluhisho walilokubali katika toleo la 5.3 la mwaka wa 2019 ni vituo vitupu, kama vile pelt_se_tp na sched_overutilized_tp, ambavyo havionekani katika saraka ya matukio na havina umbizo lililoahidiwa. Hupitisha pointa ya muundo tu, na anayejishikiza hapo hujitafutia mwenyewe njia ya kuusoma.

Acha kerneli ijieleze

Njia mbaya ya kuusoma ni kunakili tangazo la muundo kutoka kwenye msimbo wa kerneli na kulibandika katika programu yako. Zana ya runqlen ya bpftrace, inayopima urefu wa foleni, ililazimika kufanya hivyo hapo awali, na waandishi wake waliandika wazi ndani yake kwamba kipande hicho kitahitaji kurekebishwa kulingana na toleo la kerneli. Uga mmoja ukiondolewa katikati, kila kinachofuata husogea, na programu husoma baiti za jirani bila kulalamika.

Njia nzuri ni kutumia BTF, yaani maelezo ya aina zote za data ambayo kerneli hubeba ndani yake yenyewe ikiwa ilijengwa kwa chaguo la CONFIG_DEBUG_INFO_BTF. Hakikisha yapo, kisha uyatoe yawe faili ya C:

```
ls -l /sys/kernel/btf/vmlinux
bpftool btf dump file /sys/kernel/btf/vmlinux format c > vmlinux.h
pahole -C rq /sys/kernel/btf/vmlinux | less
```

Amri ya mwisho huonyesha kila uga wa rq na baiti unapoanzia kwenye kerneli inayoendeshwa wakati huo huo. Inafaa kutumia muda kuisoma taratibu, hata kama hutaandika programu yoyote. Maelezo ya BTF ni megabaiti chache tu na yamo tayari kwenye seva, tofauti na vifurushi vya alama za utatuzi ambavyo ni vikubwa sana na humaliza bando la mtu anayefanya kazi kwa intaneti ya simu.

Programu ya kufuatilia

Programu ifuatayo ni ya BPF, yaani huendeshwa ndani ya kerneli baada ya kukaguliwa na kerneli yenyewe. Hupima muda ambao kazi ilisubiri tangu ilipoamshwa au kunyang'anywa prosesa hadi ilipopewa prosesa. Subira ikizidi kikomo, huchukua pia urefu wa foleni na vruntime ya kazi hiyo.

```c
#include "vmlinux.h"
#include <bpf/bpf_helpers.h>
#include <bpf/bpf_core_read.h>
#include <bpf/bpf_tracing.h>

char LICENSE[] SEC("license") = "GPL";

extern const struct rq runqueues __ksym;
const volatile __u64 kikomo_ns = 10000000;   /* milisekunde 10 */

struct tukio {
    __u64 wakati, subira, vruntime;
    __u32 tid, cpu, foleni;
    char jina[16];
};

struct {
    __uint(type, BPF_MAP_TYPE_HASH);
    __uint(max_entries, 10240);
    __type(key, __u32);
    __type(value, __u64);
} mwanzo SEC(".maps");

struct {
    __uint(type, BPF_MAP_TYPE_RINGBUF);
    __uint(max_entries, 1 << 20);
} matukio SEC(".maps");

/* sura ya task_struct kabla ya toleo la 5.14 */
struct task_struct___zamani {
    long state;
} __attribute__((preserve_access_index));

static __always_inline long hali(struct task_struct *p)
{
    if (bpf_core_field_exists(p->__state))
        return BPF_CORE_READ(p, __state);
    struct task_struct___zamani *z = (void *)p;
    return BPF_CORE_READ(z, state);
}

static __always_inline void weka(__u32 tid)
{
    __u64 sasa = bpf_ktime_get_ns();
    if (tid)
        bpf_map_update_elem(&mwanzo, &tid, &sasa, BPF_ANY);
}

SEC("tp_btf/sched_wakeup")
int BPF_PROG(imeamshwa, struct task_struct *p)
{
    weka(p->pid);
    return 0;
}

SEC("tp_btf/sched_wakeup_new")
int BPF_PROG(imezaliwa, struct task_struct *p)
{
    weka(p->pid);
    return 0;
}

SEC("tp_btf/sched_switch")
int BPF_PROG(imebadilishwa, bool preempt,
             struct task_struct *prev, struct task_struct *next)
{
    __u32 tid = next->pid;
    __u64 sasa, subira, *t;
    struct tukio *e;
    struct rq *rq;

    if (preempt || hali(prev) == 0)
        weka(prev->pid);

    t = bpf_map_lookup_elem(&mwanzo, &tid);
    if (!t)
        return 0;
    sasa = bpf_ktime_get_ns();
    subira = sasa - *t;
    bpf_map_delete_elem(&mwanzo, &tid);
    if (subira < kikomo_ns)
        return 0;

    e = bpf_ringbuf_reserve(&matukio, sizeof(*e), 0);
    if (!e)
        return 0;
    rq = bpf_this_cpu_ptr(&runqueues);
    e->wakati = sasa;
    e->subira = subira;
    e->vruntime = next->se.vruntime;
    e->tid = tid;
    e->cpu = bpf_get_smp_processor_id();
    e->foleni = rq->nr_running;
    bpf_probe_read_kernel_str(e->jina, sizeof(e->jina), next->comm);
    bpf_ringbuf_submit(e, 0);
    return 0;
}
```

Mambo kadhaa ndani yake yanastahili kuelezwa. Tangazo la runqueues lenye __ksym humwambia mpakiaji atafute anwani ya kigeugeu hicho kwenye kerneli wakati wa kupakia, nayo bpf_this_cpu_ptr hurudisha nakala ya prosesa tuliyomo. Ukitaka ya prosesa nyingine utatumia bpf_per_cpu_ptr, ambayo huweza kurudisha pointa tupu, kwa hiyo kikaguzi cha BPF kitakataa programu yako mpaka uikague. Njia hii inahitaji kerneli ya 5.10 au mpya zaidi. Zamani moduli zilizitafuta anwani kama hizi kwa kallsyms_lookup_name, lakini tangu toleo la 5.7 kerneli haiwapi moduli ruhusa ya kuiita.

Muundo wa task_struct___zamani si muundo wa kweli. Maktaba ya libbpf hupuuza kila kinachofuata alama tatu za mstari wa chini (___), hivyo hulinganisha jina na task_struct ya kerneli na kurekebisha mahali pa uga wakati wa kupakia. Ndiyo maana faili moja iliyokompailiwa hufanya kazi kabla na baada ya 5.14. Katika sharti la kwanza la imebadilishwa, hali yenye thamani sifuri ina maana kwamba kazi bado iko tayari kutekelezwa. Nimeongeza preempt kwa sababu kazi iliyonyang'anywa prosesa hubaki kwenye foleni hata kama ilikuwa imekwisha kuandika kwamba inataka kulala. Aidha, prosesa nyingine inaweza kuiamsha prev wakati huo huo na kuibadilisha hali yake kabla hujaisoma. Kwa sababu hiyo kerneli za tangu 5.18 hupitisha prev_state kama hoja ya nne, na ukiwa na uhakika kwamba seva zako zote ni mpya kuliko hapo, itumie hiyo badala ya kusoma upya.

Kumbuka pia kwamba sched_switch hutukia kufuli la foleni likiwa limeshikwa na ukatizaji ukiwa umefungwa. Kikaguzi kitakuzuia usilale humo, lakini hakitakuzuia usiwe mzito. Chuja ndani ya kerneli, toa matukio machache, na uache hesabu zote zifanywe upande wa mtumiaji. Anayeandika moduli badala ya BPF hana mlinzi huyo: kuita printk ya kawaida mahali hapo kunaweza kuikwamisha seva nzima, kwa kuwa printk yenyewe huweza kutaka kuamsha kazi na hivyo kulihitaji kufuli lile lile. Bafa ya mzunguko ya BPF huepuka mtego huo kwa kuahirisha kumwamsha msomaji.

Kompaili, kisha utengeneze faili ya kuunganisha na programu ya upande wa mtumiaji:

```
clang -O2 -g -target bpf -c foleni.bpf.c -o foleni.bpf.o
bpftool gen skeleton foleni.bpf.o > foleni.skel.h
```

Usiache -g, maana bila hiyo hakutakuwa na BTF ndani ya faili yako na urekebishaji wa nyuga hautawezekana. Upande wa mtumiaji ni wa kawaida: fungua, pakia, shikiza, kisha uite ring_buffer__poll ndani ya kitanzi. Si lazima uendeshe kwa root, tangu 5.8, uwezo wa CAP_BPF na CAP_PERFMON unatosha.

Wakati unaotolewa na bpf_ktime_get_ns huhesabiwa tangu seva ilipowashwa. Ili kuulinganisha na kumbukumbu za huduma, soma CLOCK_MONOTONIC na CLOCK_REALTIME kwa pamoja programu inapoanza, na uongeze tofauti yao. Seva nyingi huwekwa saa ya UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, kwa hiyo msongamano wa saa mbili usiku utautafuta kwenye 17:00. Nakusihi pia uridhike na jina na namba ya kazi, usichukue hoja za amri, kwa sababu ndani yake huweza kupatikana namba za simu za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 haitofautishi kati ya rekodi ya malipo na rekodi ya utatuzi.

Mpangilio si maana

BTF hukuhakikishia kwamba unasoma uga sahihi, wala haikuhakikishii kwamba uga huo bado una maana uliyoizoea. Mfano ulio wazi ni vruntime. Katika kerneli ya 5.15, kazi yenye vruntime ndogo kuliko zote ndiyo inayochaguliwa, na mtu anaweza kuzipanga kazi kwa namba hiyo na kutabiri nani atafuata. Katika 6.8 uga upo, jina ni lile lile na aina ni ile ile, lakini skedula kwanza huuliza ni kazi zipi zinastahili, yaani ambazo hazijapokea zaidi ya haki yao, kisha miongoni mwa hizo huchagua ile ambayo tarehe yake ya mwisho ya kinadharia, iliyohifadhiwa katika uga wa deadline, iko karibu zaidi. Grafu iliyojengwa juu ya vruntime peke yake itaonekana kana kwamba skedula inakosea. Vivyo hivyo, tangu 6.12 kazi iliyokwenda kulala huweza kuachwa kwenye foleni kwa muda mpaka deni lake liishe, na hilo huathiri tafsiri ya hesabu za foleni. Hata nr_running tuliyoisoma inahitaji uangalifu: inahesabu kazi iliyochaguliwa pamoja na zinazosubiri, hivyo thamani ya 1 ina maana kwamba hakuna kazi nyingine inayosubiri wakati huo.

Uga wa avg.util_avg, unaopatikana kwa urahisi kwenye pelt_se_tp, huenda kutoka 0 hadi takriban 1024, na kumbukumbu yake hupungua kwa nusu kila baada ya milisekunde 32 hivi. Kwa hiyo hauelezi sasa hivi, unaeleza muda mfupi uliopita. Pointa ya se unayopewa hapo inaweza kuwa ya kikundi badala ya kazi moja, jambo la kawaida mno kwenye seva zinazoendesha kontena. Kagua uga wa my_q: ukiwa na pointa isiyo tupu, hicho ni kikundi.

Kwa seva ya kukodi, angalia pia safu ya st katika vmstat. Mashine mwenyeji ikikunyima prosesa, skedula iliyo ndani ya mashine yako huenda isione foleni yoyote, na namba zako zikawa safi huku wateja wakiendelea kusubiri.

Kujaribu kabla ya kuamini

Kwenye seva ya majaribio, bana kazi tatu kwenye prosesa moja, shusha kikomo_ns hadi milisekunde moja, na uangalie:

```
for i in 1 2 3; do taskset -c 2 sh -c 'while :; do :; done' & done
```

Matukio ya prosesa ya 2 yanapaswa kuonyesha foleni ya 3 au zaidi kidogo, na jumla ya subira ya kila kazi kwa sekunde kumi ikaribiane na ongezeko la namba ya pili katika schedstat yake. Zikiachana sana, usiende kwenye seva ya kazi. Kwanza tafuta kama ramani ya mwanzo imejaa au kama ring_buffer__poll inachelewa na matukio yanatupwa. Ukimaliza, zima vitanzi hivyo kwa kill $(jobs -p).

Hifadhi matokeo ya pahole -C rq, pahole -C cfs_rq na pahole -C sched_entity katika hazina ya msimbo, pamoja na jina la toleo linalotolewa na uname -r. Kila kerneli inaposasishwa, yatoe upya na uyalinganishe kwa diff kabla ya kuwasha ufuatiliaji. Uga uliobadilishwa jina utaonekana hapo, na katika matoleo ya karibuni cfs_rq imepata mabadiliko ya aina hiyo, ambapo nr_running yake imekuwa nr_queued huku ile ya rq ikibaki ilivyokuwa.